Batoto, kazi na bitabu: nimerudia kusoma kwa masikio, munisaidie niendelee

MamaWaTatu_Bkv
Jambo ba mama na ba papa, natumaini muko salama. Niko hapa Bukavu, batoto batatu, mukubwa iko mu ya tano primeri, mudogo bado ananyonya, na mi niko na kazi ya biro asubui mpaka saa tisa. Mbele ya kuolewa nilikuwa mutu wa bitabu sana, nilikuwa namaliza riwaya ya Kifaransa usiku na tochi, mama anakuya kunikatalia, kesho yake narudisha ku bibliotheki ya paroisi na kuchukua ingine. Kisha batoto kukuya ile yote ikakauka. Siyo ju sikupenda tena, mikono njo haikuwa na nafasi, na ukifungua kitabu saa ine ya usiku ukurasa moja tu macho inafunga.

Sasa mwenzangu moja wa kazi alinitumia ku WhatsApp riwaya yenye imesomwa na sauti, sura kwa sura. Nikaiweka siku ya sambaza, zile samaki ndogo za ziwa. Mwenye anatengenezaka sambaza anajua, beseni imejaa, unatosha takataka moja moja, vidole byote biko na magamba na arufu, uwezi kugusa ata telefone. Nikaifunga mu kikwembe, ekuteri moja mu sikio, sauti ikaanza. Beseni ikaisha mi bado nataka kujua yule binti atafika kwa babu yake ao atafia njiani, nikatafuta kazi ingine ya mikono, nikapiga pasi nguo za batoto zote ata zenye hazikuombaka pasi. Ile hamu ya kujua mbele kuko nini, niliisikia tena kabisa kama ya zamani.

Naomba ushauri mu mambo tatu. Kwanza, wapi nipate bitabu bingine bila kumaliza mega zote? Pili, batoto wananikatisha kila mara, "mama angalia, mama angalia", napoteza uzi wa hadisi, nyie munafanyaka namna gani? Tatu, kuko mutu mu nyumba anasema hii siyo kusoma, ni kusikiliza radio tu. Ile inaniumiza kidogo, ju kwangu ni kusoma.

Fundi_Nyawera
Mama, ku mega usiogope. Sauti ya mutu anasoma ni nyepesi kuliko muziki, na video njo usiseme. Kuko LibriVox, ilianza 2005, ni bantu ba kujitolea banasoma bitabu bya zamani byenye haki ya mwandishi ilisha kupita, ni bure na aiombi ata kujiandikisha. Faili zake nyepesi, zenye zinaandikwa 64 kbps, zinakula kama mega 29 kwa saa moja, njo kusema kitabu cha saa kumi kinafika kama mega 290. Kwa Kifaransa enda litteratureaudio.com, pale nayo ni bure na bitabu ni maelfu, sana sana waandishi ba karne ya 19.

Ila usisikilize moja kwa moja ku intaneti, mtandao ukiyumba kila dakika utachukia kitabu bure. Telesharje ku wifi ya kazi ao na forfe ya usiku, weka mu karte memori, kisha tumia VLC, ile aplikasyo ya kufungulia sauti, yenye koni ya orange. Iko na saa ya kujizima yenyewe, unaiambia dakika 30 kisha inyamaze, ukilala aikukimbie sura tano mbele. Na ukiona msomaji anavuta maneno, ongeza mwendo kidogo, 1.2 inatosha, ukipita pale unasikia haraka ya mutu bila kusikia hadisi.

Mambo ya Audible na zingine za kulipa kila mwezi, zinaomba kadi ya benki, kama uko nayo sawa, kama hauna usijisumbue, bya bure vitakufikisha mbali.

Dada_wa_Goma
Mi nakujibia ya batoto, ju niko na bapasa ba miaka ine na nilisha kuzowea. Usikilize kwa sura, siyo kwa saa. Chagua kitabu chenye sura fupi, dakika 15 ao 20, mutoto akikuita unasimamisha bila kinyongo, ukirudi unarudisha nyuma dakika moja, siyo kuendelea pale pale. Ile dakika moja inakurudishia majina na mahali na unaingia tena. Na riwaya yenye watu makumi ine na majina ya Kirusi uiweke kwanza pembeni.

Ingine, usiweke kitabu ku kila kazi. Kufua, kuponda sombe, kupiga pasi, kutembea kwa mguu kutoka kazi, ile yote mikono inajua yenyewe na kichwa kinabaki. Lakini kuhesabu makuta ya soko, ao kusimamia devwari ya mutoto, hapana, utakosa byote mbili. Mi kitabu kirefu nakiwekaka ku mashua, kila nikishuka Bukavu kuona mama yangu, ziwa lote ni langu na akuna mutu ananivuta kikwembe.

Infirmieri_Ibanda
Naongeza ya afya tu. Na mutoto wa kunyonya mu nyumba, ekuteri iwe moja, sikio ingine libaki kwa mutoto na kwa mulango, ulifanya vizuri. Na sauti usipandishe ju ya kelele ya inje. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 mu juma kwa mutu mukubwa, na 75 kwa mutoto. Kama mutu wa pembeni anasikia kitabu chako kupitia ekuteri, punguza.

Mwalimu_Bagira
Mama, mimi ni mwalimu wa Kifaransa, lile swali lako la tatu linanihusu. Mwambie huyo wa nyumbani, kwa heshima, kwamba mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Berkeley kule Marekani walipima ubongo wa watu wakisoma hadithi na wakisikiliza hadithi zile zile, wakakuta maana ya maneno inashughulikiwa karibu sehemu zile zile, iwe imeingia kwa jicho ao kwa sikio. Na 2016 kulikuwa na utafiti mwingine, watu wazima wengine wanasoma, wengine wanasikiliza, wengine vyote viwili pamoja, kisha wote wanaulizwa wameelewa nini, tofauti kubwa haikuonekana. Kwa riwaya, basi, wewe unasoma na usikubali kuambiwa vingine.

Lakini nikuambie na upande wa pili ju sipendi kudanganya mtu. Kwa masomo ya mtihani ni tofauti, 2010 wanafunzi waliosikiliza somo lao walipata pointi chini ya waliolisoma kwenye karatasi. Karatasi inakuachia kurudia mstari, kupiga alama, kusimama na kufikiri. Na watoto wako, mama, sauti iliyo ndani ya sikio lako hawaioni. Wanaona mama na waya. Yule wa tano primeri anahitaji kuona herufi na kuona mkubwa anazipenda. Mi ningefanya hivi: mchana wewe na ekuteri yako, jioni mbele ya kulala kitabu kimoja cha karatasi na hao wakubwa wawili, kurasa mbili tatu tu, mukubwa asome kwa sauti na wewe usikilize.

PapaKolwezi
Mwalimu umesema kitu. Mi niko Kolwezi kwa kazi, bibi na batoto wako Lubumbashi. Kila jioni nawasomeaka ukurasa ku vokali ya WhatsApp, kitabu nilinunua mbili za sawasawa, moja iko na mi moja iko nyumbani, bibi anaweka telefone pa meza na batoto wanafata na kidole. Mukubwa sasa ananirekebisha nikiruka mustari. Mama jaribu na hii, batoto wasikie yako mwenyewe, sauti ya mzazi ina uzito ingine.

MamaWaTatu_Bkv
Aksanti sana bandugu, kweli nimefurahi. Nilisha kutelesharje mbili ku wifi na VLC iko sawa, dada wa Goma ile ya kurudisha dakika moja ni dawa. Ya jioni na batoto tunaanza leo. Bado swali moja: byote nimeona ni bya Ufaransa ya zamani, mabinti na magari ya farasi. Bya kwetu, waandishi ba Afrika, ba Kongo, na bya Kiswahili, biko wapi?

Mwalimu_Bagira
Pale njo kuna shida ya kweli na inaniuma. Sheria ya Ufaransa inalinda kitabu miaka 70 kisha kifo cha mwandishi, na wengi wa waandishi wetu wakubwa walianza kuandika miaka ya 1950 na 1960, kwa hiyo wa kujitolea hawaruhusiwi kuvisoma bure, na wachapishaji hawajalipia sauti zake nyingi. Njia moja: kama kitabu unacho ku telefone kwa PDF ao EPUB, simu za Android ziko na sauti ya kusoma maandishi, Kifaransa na Kiswahili pia, unaitelesharje mara moja na inafanya kazi bila intaneti. Sauti ni ya mashine, haina pumzi, lakini sentensi ni za kwetu na sikio linazowea.

Fundi_Nyawera
Nathibitisha. Enda mu mipangilio, tafuta "synthèse vocale", chagua Kiswahili. Kama inakushinda pita Nyawera siku yoyote kisha saa kumi, siombi makuta kwa hiyo kazi.

MamaWaTatu_Bkv
Nakuya jumamosi fundi, na ile karte memori ya mwenzangu wa kazi naibeba, uweke kwake pia.