Pikapu "ya kazi" imepinda mgongo na mwenye kosa eti ni mimi!

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Dabo kabini yangu (pikapu ya milango minne) imepinda chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Haijagongwa wala haijapinduka. Nilikuwa naiosha nikaona mwanya kati ya kabini na bodi umekaa ovyo: juu umepanuka, chini vyuma vinakaribia kubusiana. Nikairudisha kwa walioniuzia. Wakainama chini dakika mbili, wakainuka na jibu: "Ulizidisha mzigo, dhamana haihusiki."

Mzigo gani? Nilipima mizanini, kilo 700. Kitabu chao kinasema toni moja!

Kumbe hiyo toni ina siri yake ambayo muuzaji haitamki. Ni toni iliyotandazwa vizuri, na watu ndani ya gari wanahesabiwa humohumo. Dabo kabini ina bodi fupi, sehemu kubwa ya mzigo inaishia nyuma ya ekseli, yaani mhimili wa magurudumu ya nyuma. Weka huko madumu ya maji na tairi mbili za akiba, kisha ning'iniza tela kwenye ndoano. Hapo umetengeneza mtaimbo. Kila ukidunda korongoni, mkia unavuta chini na chesisi inapinda pale juu ya ekseli.

Kinachoniuma zaidi ni mifuko ya hewa, ile ya mpira inayofungwa nyuma kusaidia springi kubeba mzigo. Springi za vyuma vilivyolaliana zinagawa uzito sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko wa hewa unasukuma sehemu moja tu, katikati. Gari linanyanyuka, linapendeza kwa macho, kumbe chesisi inaonewa. Na waliniuzia nani hiyo mifuko? Haohao! Wakafunga kwa mikono yao, leo wananiambia nimezidisha.

Halafu naingia kusoma "ulinganisho wa pikapu ngumu" nakuta vichekesho. Jamaa anachukua gari jipya, tupu, anapanda jiwe moja asubuhi, anahesabu nguvu za injini na ukubwa wa skrini, jioni ametangaza mshindi. Ugumu gani umeupima hapo? Nani alifungua difu (boksi la gia katikati ya ekseli) baada ya kuvuka mto? Difu ya moto ikizama kwenye maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kufyonza maji kupitia sili au kipumulio (tundu la difu la kupitishia hewa) kilichowekwa chini. Oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, beringi zinaliwa taratibu. Niambieni kipumulio cha kila pikapu kimefika kimo gani, hiyo skrini kaeni nayo.

Na nyie mashabiki wa nembo msianze. Hilux mnayoiabudu, mahakama ya Australia mwaka 2022 ilisema wazi kuwa zile za dizeli zilizouzwa kati ya 2015 na 2020 zilikuwa na kasoro kwenye mfumo wa kichujio cha moshi. Tacoma je? Toyota ilikubali mwaka 2016 kule Marekani kushughulikia chesisi zilizooza kwa kutu. Wa Nissan nao wasicheke: Frontier za 2005 hadi 2010 zilisifika kwa rejeta kupasuka ndani na maji kuingia kwenye gia boksi ya otomatiki. Navara yao yenye springi za koili nyuma ni tamu ikiwa tupu, ipakie uone inavyokaa kitako. Nissan wenyewe walirudi kuziimarisha hizo springi. Gladiator ya Jeep ina ekseli nzima, ya kipande kimoja, mbele na nyuma, hiyo naiheshimu kwenye mawe, ila nayo ukiibebesha nyuma kama punda sheria za mtaimbo ni zilezile.

Sitaki kuambiwa "ungenunua fulani". Nataka aliyewahi kunyoosha chesisi ya pikapu na kuiongezea bati pembeni ya ekseli, halafu akarudi nayo porini. Ilidumu kilomita ngapi? Au ilipinda tena mbele kidogo ya pale palipochomelewa, kama fundi wangu anavyonitisha?