Tupeane uzoefu: Chenso yako (msumeno wa injini) unaiwekea oili gani, na ipi imewahi kukutia hasara?

Mwanzisha mada, Mufindi

Wadau, habari za kazi. Nimekuwa kwenye kazi ya kuangusha na kupasua miti huku Mufindi miaka kumi na moja sasa. Nimeua mashine mbili, zote kwa sababu ya oili, ndiyo maana naomba tuzungumze hili kwa kina. Vijana wengi wanauziwa chenso dukani, wanaonyeshwa namna ya kuvuta kamba, basi. Hakuna anayewaambia kwamba mashine ile inakunywa oili mbili tofauti. Ya kwanza ni ile ya 2T (two-taimu, yaani ya injini za mipigo miwili) inayochanganywa na petroli, na hiyo ndiyo inayolainisha pistoni, kwa sababu injini ya chenso haina sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, kama ya gari. Ya pili inakaa kwenye tangi lake peke yake na kazi yake ni mnyororo na bapa, ile chuma ndefu ambayo mnyororo unazungukia.

Nianze na yangu. Tulikuwa na shamba la misindano, oda ya mbao inasubiriwa, na mimi siku hiyo nilikwenda kufuata gari. Kijana wangu akachanganya petroli kwa macho. Lita tano za petroli, akamimina oili kofia tatu za chupa. Akakata hadi saa nne asubuhi vizuri tu. Ananiambia kwamba kabla haijazima, mashine ilipiga kelele nyembamba, ikawa inazunguka kwa kasi kuliko kawaida, akadhani imechangamka. Kumbe ndiyo inakata roho. Ikazima ghafla, kamba ikawa haivutiki hata kidogo.

Niliporudi nilifungua eksozi nikachungulia tundu la kutolea moshi. Pistoni inaonekana pale pale bila kufungua injini yote. Upande ule wa eksozi ilikuwa na mikwaruzo ya kusimama, kama mtu amepitisha msumari juu hadi chini, na ringi imeganda ndani ya mfereji wake. Silinda na pistoni vikanunuliwa vipya. Kijana simlaumu, mimi ndiye sikuwahi kumpa kipimo.

Tangu siku ile natumia bomba la sindano la mifugo, la mililita 20, bila shaka bila ile sindano yenyewe. Bomba moja kwa kila lita ya petroli. Hiyo ndiyo hamsini kwa moja. Lita tano, mabomba matano. Hata asiyejua hesabu hakosei. Haya, karibuni.

Fundi mashine, Njombe mjini

Mkuu umegusa penyewe. Kati ya chenso zinazoletwa kwangu zimekufa injini, hiyo mikwaruzo ya upande wa eksozi naiona karibu kila wiki. Niongeze jambo moja: hamsini kwa moja ni kwa oili nzuri ya 2T iliyotengenezwa kwa injini za kupozwa kwa hewa. Soma kopo, utaona maandishi JASO FC au FD, ambayo ni alama za ubora wa oili hiyo. Kama umepata oili ya kawaida tu, vitabu vya mashine nyingi vinasema ishirini na tano kwa moja, yaani mililita 40 kwa lita. Wenye zile Stihl 070, chenso kubwa za kupasulia mbao, wanalijua hili, maana mashine ile inabanwa kwenye gogo dakika nyingi bila kupumua. Moshi kidogo na plagi kuchafuka nitakusafishia kwa dakika tano. Pistoni iliyokwaruzika sina dawa yake.

Na tikisa galoni kabla ya kumimina. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya mwezi msiuweke kwenye chenso.

Msafirishaji wa mbao za mnazi, Mafia

Asalaam alaykum ndugu zangu. Huku kwetu oili ya 2T iliyo karibu ni ya boti, kila duka la pwani linayo. Mimi nilijiambia two-taimu ni two-taimu. Nikawa naichanganya hiyo hiyo kwenye msumeno wa kukatia minazi mizee. Na mnazi mzee jamani msiuone hivi, ganda lake la nje ni gumu kama jiwe, mnyororo mpya unakwisha makali kabla ya adhuhuri, na injini inafanya kazi kwa jasho.

Miezi mitatu haikufika nguvu zikapungua. Fundi alipofungua akakuta ringi zimekwama kwa utando wa rangi ya kahawia, kama sukari iliyoungua kwenye sufuria. Akanielewesha: oili ya boti, ile iliyoandikwa TC-W3, imeundwa kwa injini inayopozwa na maji. Injini ile haifiki joto la chenso, ambayo inapozwa na upepo tu na inazunguka zaidi ya mara elfu kumi kwa dakika. Sasa naagiza oili yake kutoka Dar, inakuja na jahazi. Ya boti nimeiachia boti.

Opereta, Elburgon, Kenya

Sisi huku tunaita pawa, na shida yangu haikuwa petroli, ilikuwa oili ya cheni. Nilianza nikiwa kijana wa kubebea wengine vifaa, na kila mtu alikuwa anatumia oili chafu kutoka gereji, ile iliyomwagwa kwenye lori. Ni ya bure au ya bei ya chini kabisa. Nikaitumia miaka minne.

Niwaeleze nilichokiona kwa macho yangu. Kwanza tundu dogo la oili pale bapa linapokaa huziba. Ukipangusa kwa kidole unapata uji mweusi wenye vumbi la chuma linalong'aa juani. Pampu ya oili inajitahidi, mwishowe inakufa. Mnyororo ukikosa oili unapata joto, unarefuka, unauvuta kuukaza asubuhi na saa sita umelegea tena. Bapa langu lilibadilika rangi likawa la bluu kando kando. Kingo za mfereji zikatanuka hadi mnyororo ukawa unalala upande, na mti unakatika kwa kupinda.

Lakini kilichonitoa huko si bapa. Oili ya cheni hairudi kwenye tangi. Yote inatoka, inarushwa kwenye mbao, chini, na kwenye mwili wako. Suruali yangu paja la kulia ilikuwa nyeusi kila jioni, na ngozi ya hapo ikaanza kutoka vipele visivyopona. Daktari aliniuliza nashika nini kazini. Nilipomwambia, akasema niache mara moja, kwamba oili iliyokwisha pikwa ndani ya injini inabeba vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi. Na nilikuwa nimekata miti juu ya chemchemi tunayochotea maji mwaka mzima. Hilo bado linaniuma.

Siku hizi natumia oili ya cheni yenyewe. Ukiishika kati ya vidole viwili na kuviachanisha inavutika uzi kama utomvu. Ule unato ndio unaoifanya ishike kwenye mnyororo unaokimbia.

Mkulima, Makete

Na asiyepata oili ya cheni atumie nini? Huku dukani hamna. Jirani anatumia gia oili ya 90.

Fundi mashine, Njombe mjini

Ndugu wa Makete, kwa baridi ya kwenu ya Juni na Julai, ile ya baridi kali hadi majani yanakuwa meupe asubuhi, gia oili inakuwa nzito kama asali. Pampu haiwezi kuivuta, na mnyororo unakimbia mkavu saa nzima ya kwanza. Afadhali oili mpya ya injini, SAE 30, safi kutoka kwenye kopo. Haing'ang'anii kama ya cheni, itarushwa zaidi, kwa hiyo fungua skrubu ya pampu kidogo kama mashine yako inayo. Lakini ni safi. Oili chafu hapana, hata kama ni ya jana.

Mkata miti, kusini mwa Ujerumani

Nawasalimu kutoka mbali. Nimezaliwa Moshi, sasa nafanya kazi ya misitu huku. Misitu mingi hapa ina vyeti vya FSC au PEFC, yaani vya utunzaji mzuri wa misitu, na ukiingia na oili inayotokana na mafuta ya ardhini kwenye mnyororo unarudishwa. Lazima iwe ile inayooza ardhini, nyingi zinatokana na mbegu za mafuta. Inalainisha vizuri sana, na harufu yake haichoshi.

Ila ina tabia moja ambayo muijue mkiamua kujaribu mafuta ya alizeti, maana najua Singida na Dodoma yapo. Mafuta ya mimea yakikaa yanaganda. Mwaka wangu wa kwanza niliacha msumeno ghalani toka Machi hadi Oktoba bila kumwaga tangi. Nilipoutoa, mnyororo ulikuwa umegandamana na bapa kama umepigwa gundi, na pampu haikusogea. Nilikaa jioni nzima nikiloweka na kusugua kwa mswaki. Sasa kabla ya kuuweka, namwaga yote, natia oili ya kawaida kidogo, naiacha mashine izunguke dakika moja mbili, ndipo naifungia. Anayekata kila siku hatapata shida hii.

Mwanzisha mada, Mufindi

Mzee wa Elburgon, pole sana kwa ngozi, na asante kwa kusema wazi. Mimi pia nilitumia oili chafu miaka ya mwanzo.

Kuna jirani yangu kaniuliza pembeni atajuaje oili inafika kwenye mnyororo. Ninavyofanya mimi: nawasha, naelekeza ncha ya bapa juu ya kisiki kilichokatwa sasa hivi, kile kilicho cheupe, bila kukigusa, naongeza kasi ya injini. Baada ya muda mfupi lazima uone mstari wa matone. Hakuna mstari, zima, toa bapa, safisha mfereji na lile tundu kwa kipande cha waya.

Na kila nikijaza petroli najaza na oili kwa wakati mmoja. Petroli ikiisha, tangi la oili linatakiwa liwe limebaki na kidogo tu. Juzi kijana wangu aliniita akaniambia, "Mjomba, petroli imekwisha lakini oili iko palepale." Tukafungua, tukakuta tundu limeziba kwa maranda na utomvu wa msindano. Mnyororo ulikuwa bado haujabadilika rangi.