Mrejesho: ile bili ya eksirei ya utumbo mdogo ya mama

Wakuu nimerudi. Niliuliza kwanini bima huku Marekani imekataa kipimo cha mama, alikunywa bariamu (dawa inayofanya njia ya chakula ionekane kwenye picha) wakampiga eksirei ya umio na tumbo halafu wakafuatilia mpaka utumbo mdogo siku hiyohiyo. Kumbe kwenye bili kila kipimo kina namba yake, na hospitali waliandika 74240 (kipimo cha juu, yaani umio na tumbo) pamoja na 74250, na hiyo 74250 ni ya utumbo mdogo ukipigwa peke yake, ukifuatia kipimo cha juu inatakiwa 74248 ambayo ni ya nyongeza tu, haisimami bila 74240 au 74246 (nazo ni namba za kipimo cha juu), ndo utaratibu tangu 2020. Nikawabana watu wa bili wakarekebisha wakatuma upya, bima imelipa! Asanteni sana mlioniambia niombe mchanganuo wa bili wenye namba zote, mama anawasalimia.