Kushuhudia sokoni bila kuhubiri, inawezekana kweli?

mama_maharage (Busia, upande wa UG)
Habari zenu wapendwa. Mimi nauza maharage na mchele hapa sokoni, majirani zangu wa vibanda ni wa kila aina, Wakatoliki, walokole, Waislamu, na wengine dini yao ni pesa tu 😀. Kuhubiri mimi siwezi, nikishika maikrofoni hata jina langu nasahau. Sasa kuna vijana wanakuja asubuhi na spika wanapiga kelele mpaka mteja hasikii bei, juzi mmoja akaniuliza mama umeokoka, nikasema ndio, akasema mbona hatujawahi kukusikia ukimtaja Yesu hapa? Imenikaa kichwani. Maana mimi nilidhani nikipima vizuri, nikimwangalizia jirani kibanda akienda kuswali, nikimpelekea uji aliyejifungua, huo tayari ni ushuhuda. Ama ni tabia nzuri tu hata asiye na dini anaweza kuwa nayo? Nisaidieni lakini msinitupie mistari kumi.

mteja_mkorofi
Dada anza na gorogoro lako, hilo kopo la kupimia. Sote tunazijua zile zimegongwa kitako kikaingia ndani, juu yamejaa mpaka yanamwagika kumbe chini kuna mlima. Na wengi wenye hizo wana vibandiko vya Yesu kwa mizani. Kama lako ni zima basi wewe ushahubiri kuliko hao wa spika, mimi kwa muuzaji kama huyo hata siulizi dini, narudi tu.

mzee_wa_Kigezi
Mwanangu, mimi nimelelewa na walokole wa zamani. Ule uamsho wa miaka ya 1930 ulitoka Gahini kule Rwanda ukaingia kwetu Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, na spika hazikuwepo. Mtu akiokoka alirudisha alichoiba, awe ni mbuzi, jembe, ama pesa ya mwajiri, anaenda mwenyewe mlangoni anasema hii ni yako niliichukua. Watu wakabaki wanaulizana huyu kapatwa na nini. Hapo ndipo maneno yalipata pa kuingilia. Ila hawakunyamaza, ukiuliza unajibiwa, tena kwa upole kama Petro alivyoagiza. Huo ni mstari mmoja tu, usinihesabie.

abu_wa_Mbale
Mimi Mwislamu, naomba niingie kidogo. Jirani yangu mmoja Ramadhani alinitumia mandazi ya futari, nafungua kaveera (mfuko wa plastiki) nakuta kikaratasi, "ukifa leo utaenda wapi". Mandazi nilikula, karatasi nikamrudishia 😂. Lakini kuna mwingine kila Krismasi ananiita nije nimchinjie kuku ili na sisi watoto wetu wale kwake bila wasiwasi, hajawahi kunipa karatasi hata moja. Huyo nikiwa na swali kuhusu Isa namuuliza yeye. Yule wa kwanza namsalimia tu.

simba_wa_yuda_KLA
Mnalainisha mambo jamani. Watasikiaje pasipo mhubiri? Wale mashahidi wa Namugongo, Wakristo waliouawa kwa imani yao hapa Uganda mwaka 1886, hawakuchomwa kwa sababu walipima maharage vizuri!

mzee_wa_Kigezi
Hahaa, hapo umenipata, ila nusu. Kabla ya kuchomwa walikuwa wahudumu wa ikulu, na Lwanga, kiongozi wao, aliwabatiza Kizito na wenzake usiku kulekule Munyonyo kwenye makao ya Kabaka, mfalme wa Buganda, jukwaa lilikuwa wapi? Walifundishana mmoja mmoja, watu waliokula na kufanya kazi pamoja. Mama kusema atasema, mwache aseme siku akiulizwa, na akiulizwa asijifanye eti ni malezi tu ya nyumbani.

simba_wa_yuda_KLA
Hiyo ya kuulizwa nakubali. Shida yangu ni wanaosubiri kuulizwa mpaka wanazikwa.

mteja_mkorofi
Na wanaopeleka sukari kwa wagonjwa na kamera mbele, halafu inaishia kwa status ya WhatsApp, hao tunawaweka wapi?

abu_wa_Mbale
Hao wako kila dini, tusigombane 😅

mama_maharage
Asanteni sana. Leo imetokea, mwenzangu wa kibanda cha pili kaniuliza kwa nini yule mgeni wa Kenya nimemuuzia bei yetu ya kawaida wakati hata bei hajui. Nikamwambia ni kwa sababu ya Yesu, sikumuongeza neno. Akasema sawa, halafu akaomba nimkopeshe mchele kilo tano mpaka mwisho wa wiki 🙈 na lile deni la mwezi uliopita hajamaliza. Nimpe?

mzee_wa_Kigezi
Mpe kilo mbili. Na uandike kwa kitabu, yeye akiona.