Mzee anataka kuacha dawa ya tezi dume, na anayemsagia kidonge ni mke wangu mjamzito

Kijana wa Muheza:
Habari za jioni wakuu. Mzee wangu ana miaka 71, tezi dume imekua, mkojo unatoka matone matone. Alianzishiwa finasteride ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Sasa ni miezi minane. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, ilikuwa 8, juzi imesoma 4. Anasema amepona, hataki tena dawa wala kliniki. Ni kweli? Halafu kumeza kunamsumbua siku hizi, hivyo mke wangu humpondea kidonge kwa mgongo wa kijiko, anakichanganya kwenye uji. Naye ana mimba changa. Naombeni ushauri.

Mfamasia wa Zamu:
Nianze na shemeji, hilo halingoji kesho. Asiguse tena kidonge kilichopondwa. Kizima kina ganda, ila unga wake unaweza kupenya kwenye ngozi. Mwilini kuna kimeng'enya kinachoitwa 5-alfa-riduktesi. Kinageuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa DHT, homoni yenye nguvu zaidi. DHT ndiyo inayokuza tezi ya mzee, na hiyohiyo ndiyo inayojenga sehemu za siri za mtoto wa kiume tumboni. Finasteride inakizuia kimeng'enya hicho. Msitaharuki, kugusa si lazima mtoto awe amedhurika. Nendeni kliniki ya wajawazito mkaseme dawa gani, na tangu lini.

Bi Mwanakombo:
Pole mwanangu. Mkeo asilaumiwe na mtu, alikuwa anamhudumia mkwewe. Na huko kushindwa kumeza, daktari anajua? Kwa umri wa mzee, hilo nalo lichunguzwe.

Mfamasia wa Zamu:
Bi Mwanakombo kasema kweli. Kuhusu PSA: dawa yenyewe huishusha karibu nusu ikishatumika miezi sita hivi. Hiyo 4 daktari ataizidisha mara mbili, ataisoma kama 8 ileile. Mzee hajapona. Akiacha, DHT inarudi na tezi inakua upya. Na PSA ikianza kupanda huku anameza dawa, hata kidogo, achunguzwe saratani.

Msomaji wa Usiku:
Nyongeza. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake waliandika kuhusu watu wa Jamhuri ya Dominika waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Wengi walilelewa kama wasichana, walipobalehe miili ikawa ya kiume, lakini tezi dume zao zilibaki ndogo hata ukubwani. Wazo la dawa likatoka huko, na Marekani ikaidhinisha finasteride mwaka 1992.

Kijana wa Muheza:
Asanteni sana. Asubuhi naongozana na mke wangu kliniki. Mzee nimemsomea yote, kauliza kwa sauti ya chini kama dawa hii ndiyo imempunguzia nguvu za kiume.

Mfamasia wa Zamu:
Inawezekana, kwa baadhi ya wanaume hutokea. Amwambie daktari bila haya kabla ya kuacha. Zipo nyingine kama tamsulosini, ambayo haigusi homoni, inalegeza misuli ya shingo ya kibofu. Ila ile huleta kizunguzungu, awe anainuka kitandani taratibu.