Mbunge wa kuaminika tunampima kwa nini: kwa rambirambi anazotoa au kwa majibu anayorudi nayo?

Mwalimu wa Bondeni (Morogoro) ameuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wa mawazo katika jambo ambalo limetugawa hapa kijijini kwetu.

Tumekuwa na wabunge wawili waliofuatana. Wa kwanza hakukosa msiba hata mmoja aliopata habari zake. Alikuwa akifika, anavua viatu, anakaa mkekani pamoja na wazee, na kabla ya kuondoka anamkabidhi msemaji wa familia bahasha ya rambirambi. Tulimpenda. Lakini pampu ya kisima cha shule yetu iliharibika katika mwaka wake wa kwanza, na alipomaliza miaka mitano kisima kilikuwa bado kimefungwa kwa mnyororo na kufuli, watoto wakienda mtoni na madumu ya lita 5 kabla ya kipindi cha kwanza. Kila alipoulizwa alijibu kwamba jambo hilo liko mikononi mwake.

Huyu wa pili haonekani sana. Alipokuja mara ya kwanza alitoa daftari, akaandika mambo matatu tuliyomweleza, akayasoma kwa sauti ili tuhakikishe ameyaandika sawasawa, kisha akaondoka. Baada ya miezi minne alirudi na daftari lile lile. Alisema kwamba pampu imeingia katika bajeti, kwamba fedha za daraja zimekataliwa kwa mwaka huu, na kwamba kuhusu zahanati bado hajapata jibu lolote. Watu walinung'unika, na mzee mmoja aliuliza waziwazi kwamba mbunge asiyeweza kuleta daraja ana faida gani. Mimi nilirudi nyumbani nikitafakari kwa nini neno "zimekataliwa" ndilo lililonifanya nimwamini mtu yule kuliko ahadi zote nilizowahi kusikia.

Je, ninakosea? Na mwananchi asiye na cheo anawezaje kujua kama mwakilishi wake anafanya kazi kweli, hasa kazi ile ambayo haionekani kijijini?

---

Mstaafu wa Kata amejibu:

Mwalimu, salamu nyingi. Nilikuwa mtendaji wa kata kwa miaka 22 na nimefanya kazi na wabunge wanne, kwa hiyo nitakujibu kwa yale niliyoyaona nikiwa upande wa pili wa meza.

Kwanza, tukubaliane mbunge ni nani. Ibara ya 63 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na inampa mbunge haki ya kumuuliza Waziri yeyote swali kuhusu mambo ya umma. Mbunge hana fungu la kujenga madaraja. Barabara za vijijini ziko chini ya wakala wa Serikali uitwao TARURA tangu 2017, na maji ya vijijini yako chini ya wakala mwingine, RUWASA, tangu 2019. Upo Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ambao mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake, lakini fedha zake ni za kuchochea tu: mabati ya darasa ambalo wananchi wamekwisha kulinyanyua kuta, au saruji ya kumalizia choo cha shule. Kwa hiyo mgombea anaposimama jukwaani na kusema "nitawajengea daraja", amekwisha kuwadanganya kabla hajachaguliwa, hata kama nia yake ni njema.

Pili, mbunge anayefaa anajua mlango upi unabishwa na unabishwa lini. Mipango huanzia kwenye vijiji, ikapita kamati ya maendeleo ya kata, ikafika baraza la madiwani, kisha mkoani, ndipo Serikali inapokusanya yote. Bunge linapoketi kwa mkutano wa bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, sehemu kubwa ya mambo imekwisha kupangwa. Mbunge anayeanza kulililia daraja mwezi Mei, hata akipiga meza na kutoa machozi, amechelewa. Alitakiwa kulipigania miezi mingi nyuma, katika vikao ambavyo havina kamera. Wengi hawajui kwamba mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani la halmashauri yake. Nimekaa katika vikao vingi vya baraza hilo, na mara nyingi kiti cha mbunge kilikuwa kitupu.

Nitakueleza tukio moja. Mbunge mmoja, ambaye sitamtaja, aliomba taarifa ya matumizi ya robo mwaka, akaketi nayo ofisini kwangu na kuanza kuisoma mstari kwa mstari, kidole kikitembea juu ya karatasi. Alipofika kwenye mifuko ya saruji iliyoandikwa kuwa imetumika katika darasa moja, alifunga taarifa akasema, "Mtendaji, twende tukalione hilo darasa." Tulitembea chini ya nusu saa. Tulikuta msingi peke yake, na nyasi zimekwisha kuota katikati. Hakupiga picha, wala hakuita mkutano wa hadhara. Alirudi halmashauri, akataka maelezo kwa maandishi, na akaendelea kuyadai hadi darasa likaezekwa. Wananchi wa kijiji kile hawakujua kamwe ni nani aliyelifuatilia, na katika uchaguzi uliofuata walimnyima kura kwa sababu, walisema, haonekani. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Wala usidhani kwamba kuibana Serikali ni kazi ya vyama vya upinzani peke yao. Mwaka 2014, sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, yaani fedha zilizochotwa katika akaunti iliyokuwa Benki Kuu kwa ajili ya mgogoro wa malipo ya umeme, lilipofika bungeni, Kamati ya Hesabu za Serikali iliyolishughulikia iliongozwa na Zitto Kabwe wa upinzani, na makamu wake alikuwa Deo Filikunjombe, mbunge wa Ludewa kupitia chama tawala. Wote wawili walisimama mbele ya Bunge kuisoma taarifa ile, na mmoja wao alikuwa akiwataja wakubwa wa chama chake mwenyewe. Fedha zilizochotwa zilizidi shilingi bilioni 300, na kila mmoja anaweza kujikadiria ni visima vingapi vya shule vimo ndani ya kiasi hicho. Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta Oktoba 2015, akiwa katika kampeni.

---

Mkulima wa Ufuta amejibu:

Mzee wangu, shikamoo. Ninakubali mengi uliyoandika, lakini naomba tusiidharau bahasha ya rambirambi kwa urahisi namna hiyo. Mama yangu alipofariki, mbunge aliyekuja na kukaa nasi hadi mazishi yalipokwisha ndiye niliyemweleza, pale pale chini ya mwembe, kwamba mama alifia njiani kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Jambo lile lisingefika kwenye taarifa yoyote ya robo mwaka. Mwakilishi asiyekaa mkekani na watu wake anajua makaratasi tu, na makaratasi hayalii.

---

Mstaafu wa Kata amejibu:

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba huo. Umenisahihisha mahali panapostahili. Ninachokipinga si kukaa mkekani. Ni ile bahasha inapochukua nafasi ya kazi. Tuliwahi kuwa na sheria iliyoruhusu takrima wakati wa uchaguzi kwa jina la ukarimu wa jadi, na Mahakama Kuu iliibatilisha mwaka 2006 kwa kuwa ilifungua mlango wa rushwa na kuwaweka nyuma wagombea wasio na fedha. Naomba unijibu swali moja: baada ya kumweleza habari ya gari la wagonjwa, je, mbunge huyo alirudi kwako na jibu?

---

Mkulima wa Ufuta amejibu:

Hakurudi.

---

Binti wa Kwale amejibu:

Hamjambo nyote. Ninaandika kutoka Pwani ya Kenya, na ingawa mambo yetu yamepangwa tofauti, swali la Mwalimu ni letu pia.

Kwetu tuna hazina ya maendeleo ya maeneobunge, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa kutengewa asilimia 2.5 ya mapato ya serikali, na kwa sheria ile ya mwanzo mbunge ndiye aliyeongoza kamati ya eneo lake. Hazina hii imejenga madarasa mengi na imesomesha watoto wengi, nami ni mmoja wao. Nakumbuka vizuri siku niliyopanga foleni na mama nje ya ofisi ya mbunge, fomu ya basari (msaada wa karo) mkononi, ikiwa na muhuri wa chifu na sahihi ya mwalimu mkuu. Tulipopokea hundi ya shilingi 5,000, mama alimwombea dua mheshimiwa kana kwamba zimetoka mfukoni mwake. Ilinichukua miaka kutambua kwamba zilikuwa kodi zetu, na kwamba mtu aliyetupa kilicho chetu tulimlipa kwa kura bila kumuuliza lolote kuhusu kazi yake bungeni.

Mahakama zetu zimeliona tatizo hili. Mahakama ya Juu iliamua Agosti 2022 kwamba sheria ya hazina hiyo ya mwaka 2013 ilikiuka Katiba, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikasema vivyo hivyo kuhusu sheria ya 2015 iliyoirithi. Hoja kubwa ni kwamba anayetunga sheria na kusimamia matumizi ya serikali hafai kuwa yeye yule anayetekeleza miradi, kwa maana hapo atajisimamia mwenyewe. Wabunge wengi wanaitetea hazina hiyo kwa nguvu zote, na ninaelewa hofu ya wazazi ambao basari ndiyo tegemeo lao; mama yangu angeogopa vilevile.

Lakini jambo lililotufungua macho zaidi ni Mswada wa Fedha wa 2024, uliokusudia kuongeza kodi. Tarehe 25 Juni, wabunge 195 waliupitisha na 106 wakaukataa, huku vijana wakiwa barabarani na wengine wakipoteza maisha siku hiyo hiyo. Rais alikataa kuutia sahihi siku iliyofuata. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, niliwaona majirani zangu, wauza mboga na waendesha bodaboda, wakitafuta orodha ya majina ili wajue mbunge wao alipiga kura gani. Hakuna aliyeuliza amechangia harambee ngapi. Mwalimu, ukiniuliza mimi mwananchi wa kawaida aanzie wapi, nitakwambia aanzie hapo: ajue mwakilishi wake alisema ndiyo au hapana, na katika jambo gani, kisha amtake aeleze sababu zake ana kwa ana. Mbunge wetu alikuja kueleza. Sikukubaliana na kura yake hata kidogo, lakini alisimama mbele yetu kwa muda wa saa mbili akijibu watu waliokuwa na hasira, na hilo ninamheshimu nalo.

---

Mama wa Bomba amejibu:

Mwalimu, mimi ni mweka hazina wa chombo cha watumia maji kijijini kwetu, na nitakupa njia yetu kwa ufupi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe hapo. Sisi tulianza kudai kwamba ahadi yoyote ya diwani au mbunge iandikwe katika muhtasari wa mkutano, pamoja na tarehe na jina la idara inayohusika, na mkutano unaofuata uanze kwa kusoma ahadi zile kabla ya ajenda nyingine. Mwanzoni viongozi walikereka. Diwani mmoja aliacha kuja kabisa, na hiyo nayo ikawa taarifa ya kutosha kwetu. Mwingine alizoea, na sasa anapiga simu siku mbili kabla ya mkutano kuuliza ameandikiwa nini.

Nitaongeza kwamba kiongozi hawezi kuaminika mahali ambapo sisi wenyewe tunamwadhibu anaposema ukweli. Mbunge wenu alisema "zimekataliwa", mkanung'unika. Akitoka hapo akajifunza kwamba afadhali kusema "liko mikononi mwangu" kama yule wa kwanza, kosa litakuwa la nani?

---

Mwalimu wa Bondeni amejibu:

Nawashukuru sana, na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe Mama wa Bomba, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwapo watu waliponung'unika na sikusema neno.

Baada ya kusoma maelezo ya Mzee Mstaafu, nilikwenda mjini Jumamosi kwenye duka lenye intaneti na kufungua taarifa rasmi za Bunge katika tovuti yake. Nilitafuta jina la kata yetu kwa karibu saa nzima. Nimekuta swali la mbunge wetu kuhusu daraja, na swali la nyongeza akitaka kujua ni lini usanifu utafanyika. Naibu Waziri alijibu kwamba fedha za ujenzi hazimo katika mpango wa mwaka huu, na kwamba usanifu utafanywa katika mwaka wa fedha unaofuata. Kwa hiyo yale aliyotuambia na yale yaliyoandikwa yanafanana, hata sehemu ile iliyotukera.

Nimelinakili jibu hilo kwa mkono, swali juu na jibu chini, pamoja na tarehe. Mwenyekiti wa kijiji ameniruhusu kulibandika kwenye ubao wa matangazo, pembeni ya tangazo la chanjo ya mifugo, na litabaki pale hadi mkutano wa mwezi ujao. Yule mzee aliyeuliza faida ya mbunge asiyeleta daraja alikuja jana jioni, akaniomba nimsomee. Nilimsomea mara mbili. Kisha akaniuliza mwaka wa fedha unaanza lini, nikamwambia tarehe 1 Julai, naye akaniomba niiandike tarehe hiyo kwa herufi kubwa chini ya karatasi.