Mtunzi kaua mwiko wa kokoto, nataka buku mbili yangu

Wakuu, nimevumilia wiki nzima leo natema. Kuna simulizi ya dunia ya kubuni inauzwa kwenye magrupu, mtunzi simtaji maana sitaki kesi, wanaoifuata watajua tu. Msimu wa kwanza bure, wa pili buku mbili. Nimelipa. Nimemlipia na mdogo wangu hapa Makole, Dodoma, yaani buku nne imeondoka hivi hivi.

Kwa wasioijua, kuna msafara wa wabeba chumvi unakatiza nchi kame, visima vina wenyewe na ukitaka maji unatoa hongo. Niliposoma hapo nikasema huyu jamaa katuchora sisi, hii si ndo Ugogo ya enzi za misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, watemi walikuwa wanatoza hongo kweli maana maji ndo yalikuwa mali, na ukishaitoka Ugogo kwenda Unyamwezi unakutana na Mgunda Mkali, pori ambalo wapagazi walikuwa wanaliogopa kwa ukame wake. Hadi anayetangulia msafara kamwita kirangozi kama zamani. Nikamkubali.

Sasa mwiko wenyewe. Ndani ya Bonde la Kimya watu hawahesabiwi jua likishazama. Hakuna anayejua kwa nini. Badala yake, asubuhi kila mtu anadumbukiza kokoto lake kwenye kibuyu cha kirangozi, usiku mkifika kambini kila mtu anaingiza mkono anatoa moja. Likibaki kokoto ujue kuna mtu kaachwa njiani. Yakiisha halafu kuna mkono haujapata kitu... hapo mnanyamaza, mnakula, mnalala.

Sehemu ya 3 mama mmoja kaingiza mkono, umetoka mtupu. Kirangozi kafunga mdomo wa kibuyu kwa kitambaa, kamkatia yule mama ugali sawa na wengine, asubuhi wakaondoka naye. Basi. Mimi nilikuwa kitandani umeme umekatika, niliwasha tochi ya simu nikakaa nayo, mtu mzima na ndevu zangu.

Nimesubiri sehemu 38 nijue habari ya yule mama. Ya 41 huyu shujaa wa pete (sijawahi kumpenda, tangu ya kwanza anajisifia tu) anasimama katikati ya bonde usiku wa manane anahesabu watu kwa sauti, mmoja, wawili, watatu, mpaka 19, linatokea dude linaitwa "jini daraja la saba", analipiga radi moja linakufa, halafu inafuata aya ndefu kama ya kitabu cha shule kwamba mwiko uliwekwa na wafalme wa kale ili jini lisiamke. Kwisha habari. Mama? Hata mstari mmoja hana!!

Huyu anadhani mwiko wa safari ni paswedi ya kufungulia jini. Sisi tumekulia kwenye haya mambo. Unatoka nyumbani unajikwaa mlangoni, bibi anakwambia hiyo ndege mbaya, tulia kwanza. Umefika barabarani umekumbuka kitu umesahau, wengine hawarudi ng'o. Ukiuliza sababu unaambiwa ndo ilivyo, na safari unaahirisha kweli na nauli ushalipa.

Mwaka jana natoka Dar na basi la usiku, tumesimama mbele ya Dumila watu wachimbe dawa, giza hata mkono wako huuoni. Tukarudi, konda akawa anapita na tochi anahesabu huku anagonga kila siti. Mbele yangu kulikuwa na bibi mmoja wa Kigogo kapakata furushi, konda alipomfikia bibi akamshika mkono ule wenye tochi. "Mjukuu wangu, watu siyo mbuzi. Waulize tu kama wenzao wapo." Konda akacheka, lakini akaacha kuhesabu, akapaza sauti kila mtu amwangalie jirani yake. Siti ya pembeni yangu ilikuwa tupu tangu Morogoro. Na mimi nikageuka nikaiangalia. Tumefika stendi ya Nanenane hapa Dodoma alfajiri salama salimini, hakijatokea kitu, na mpaka leo ile siti naikumbuka. Jini daraja la saba nimeshalisahau, nimelazimika kufungua simu hapa nipate jina lake.

Sasa mtunzi kama upo humu, aidha useme mkono ule ulikuwa wa nani au urudishe hela. Na usinijibu kwamba ni dunia ya kubuni, buku mbili yangu haikuwa ya kubuni.

NYONGEZA: Kuna mdau kaniambia nirudi nyuma niwapige hesabu wasafiri kabla sijaendelea kutukana. Nimerudi. Sehemu ya 2 wameondoka 19, kirangozi akiwemo. Ya 12 mmoja kaumwa na nyoka kafa. Ya 30 mwingine kabaki kwenye kisima kaoa huko huko. Hakuna aliyeongezeka. Wanatakiwa wawe 17.

Shujaa kahesabu 19.

Nimerudia mara mbili, ya tatu nimeacha maana ni saa saba usiku na niko peke yangu. Inawezekana ni uzembe tu. Sehemu ya 42 inatoka Jumatano, mtunzi hiyo hela kaa nayo kwanza.